Maswali ya Makazi: Nyumba Inauzwa, Pesa ya Matengenezo Ndogo

Mwezi huu tumepokea barua nyingi zenye shida ya namna moja: nyumba inatakiwa kuuzwa, pesa ya matengenezo ni kidogo, na kila anayepita barazani ana ushauri wake. Tumechagua sita ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Mtaona tunarudi kila mara kwenye maji, na tunafanya hivyo makusudi. Kinachoizeesha nyumba ya visiwani ni maji: ya mvua, ya ardhini, ya bomba linalovuja ndani ya ukuta, na ule unyevu wa bahari wenye chumvi. Mnunuzi aliyetafuta pesa zake kwa taabu anayaogopa maji kuliko anavyochukia rangi mbaya.

UNGA MWEUPE UKUTANI

Assalaam aleikum. Tuna nyumba ya matofali ya saruji Fuoni, vyumba vitatu, ukumbi, jiko na choo cha ndani. Mume wangu amehamishiwa Pemba kikazi na tunataka kuiuza kabla skuli hazijafunguliwa, yaani miezi miwili kutoka sasa. Tumetenga shilingi laki nane tu. Ukuta wa ukumbini unatoa unga mweupe na rangi inabanduka mpaka usawa wa kiuno. Fundi anasema atapiga plasta mpya ya saruji na rangi ya mafuta juu yake ili maji yasipite. Dalali anasema tuweke vigae mpaka nusu ukuta. Tumsikilize nani?
Mama wa watoto wanne, Fuoni

Waaleikum salaam, dada. Kwa sasa fundi asubiri, na dalali naye asubiri. Njia zote mbili zitakula pesa yenu, na ukuta utaanza tena kubanduka, pengine kabla mnunuzi hajamaliza kulipa.

Unga huo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia matofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka na chumvi inabaki. Chumvi hiyo ikigeuka chembe inatanuka na kuisukuma rangi mpaka ibanduke. Mara nyingi matofali yenyewe yalifyatuliwa kwa mchanga wa pwani, kwa hiyo chumvi imo tangu siku ya kwanza, na juu ya msingi haikutandikwa nailoni nzito ya kuzuia maji. Ukiuziba uso wa ukuta kwa rangi ya mafuta au vigae, maji hayaachi kupanda. Yanatafuta pa kutokea juu zaidi. Ndiyo maana nyumba iliyowekwa vigae mpaka kiunoni huota mstari mpya wa unga juu ya vigae.

Kwanza jueni maji yanatoka wapi. Chukueni kipande cha nailoni safi, sentimita 50 kwa 50, kibandikeni ukutani kwa tepu pande zote nne bila ya kuacha upenyo, msubiri siku mbili. Matone yakionekana kati ya nailoni na ukuta, maji yamo ukutani. Yakiwa upande wa nje wa nailoni, huo ni unyevu wa hewa ya chumbani, na tiba yake ni kufungua madirisha na kuliondoa kabati lililogandamizwa ukutani. Jaribio la pili ni la bomba. Usiku jazeni tangi, fungeni koki inayoingiza maji, pimeni kina kwa fimbo na mtie alama. Asitumie mtu maji mpaka asubuhi. Kina kikipungua, kuna mahali panavuja, na hapo mtu wa kwanza kulipwa ni fundi bomba.

Kazi kubwa zaidi iko nje, na chombo chake ni jembe. Kwa miaka mingi udongo, majani na mabaki ya ujenzi hujikusanya ukutani mpaka ardhi ya nje inakuwa juu ya sakafu ya ndani. Chimbeni mpaka uso wa ardhi uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau, na mteremko uondoke ukutani kwa sentimita 5 katika kila mita 2. Pale yanapoangukia matone ya paa tandikeni kokoto upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 10, ili mvua isirushe matope ukutani. Nyumba ya mita 10 kwa 8 inahitaji karibu mita za ujazo 2 za kokoto kwa mzunguko wote; kama pesa haifiki, anzeni na upande wa ukumbi.

Ndani, sugueni unga kwa brashi ngumu, ukuta ukiwa mkavu. Msiuoshe kwa maji. Hili ni kosa la karibu kila mtu: maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ya ukuta, na baada ya wiki inatoka tena. Zoeni vumbi lake, mlitupe mbali na nyumba. Rudieni baada ya wiki moja, na tena baada ya wiki ya pili. Kila mara unga utakuwa mchache. Rangi ya zamani iliyolegea ikwanguliwe yote mpaka pale inaposhika barabara, halafu kingo zake zilainishwe kwa msasa.

Plasta gongeni kwa mpini wa nyundo. Penye sauti ya utupu imeachana na tofali, na hapo ndipo pa kubomoa, mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Pasipo na sauti hiyo paacheni. Mafundi hukisia kwamba ukuta uliolowa unahitaji mwezi mmoja kukauka kwa kila inchi ya unene wake, kwa hiyo ukuta wa inchi 6 hauwezi kukauka ndani ya miezi yenu miwili hata mkifanya nini. Na plasta mpya ya saruji nayo inataka wiki 4 kabla ya kupakwa rangi, vinginevyo ukali wake unaiunguza rangi. Kwa ukuta huo mmoja pakeni chokaa au rangi ya maji isiyong'ara. Zote mbili zinauacha ukuta upumue.

Lililobaki ni la mdomo. Mwambieni mnunuzi: ukuta huu ulikuwa na unyevu, tumefanya hivi na hivi, utaendelea kukauka kwa miezi kadhaa, usiuwekee vigae. Wengine wataona huku ni kujiharibia biashara. Mnunuzi akiona ukuta mmoja una rangi mbichi ya mafuta na mingine yote imefifia, anajua kuna kitu na anakisia kibaya kuliko kilivyo. Tena tunajua sote kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta majimaji chini yake, na alilomwambia muuzaji. Aibu ya bidhaa husemwa.

Kuhusu hizo laki nane: bomba, kisha jembe na kokoto, kisha paa kama linavuja, kisha umeme unaoonekana, yaani swichi zilizovunjika, balbu na soketi zilizolegea. Rangi ndiyo ya mwisho. Na sehemu moja katika tano ya pesa isiguswe mpaka wiki ya mwisho, kwani kila ukuta unaofunguliwa hutoa jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu.

NYUMBA YA MAWE MJI MKONGWE

Nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, ghorofa mbili, kuta za mawe. Miaka ya nyuma ilipigwa plasta ya saruji nje, sasa inapasuka na kudondoka vipande vipande. Vyumba vya juu boriti zinaonekana, baadhi zimetiwa madoa. Ndugu zangu wanataka tuweke dari ya jipsamu tufiche boriti, na kuta tuzirekebishe kwa saruji ili ionekane nyumba ya kisasa. Pesa si nyingi.
Mmoja wa warithi

Ndugu yetu, dari ya jipsamu muiache kabisa, na saruji pia.

Ukuta wa mawe ya matumbawe ulijengwa kwa udongo na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi, na umekusudiwa unyonye maji wakati wa masika na uyatoe wakati wa kaskazi. Saruji inaufunga kama kanzu ya nailoni. Maji yanaingia kwenye nyufa, hayana pa kutokea, chokaa ya ndani inalainika na vipande vikubwa vya plasta vinaanguka vikiwa vimeshikana na jiwe. Kadiri saruji inavyokuwa ngumu ndivyo inavyong'oa zaidi inapoondoka.

Kabla ya kugusa chochote nendeni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mkaeleze kazi mnayotaka kufanya na mpate kibali. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na kubadilisha uso wa nyumba, madirisha, baraza au mlango bila ya ruhusa kunaweza kuisimamisha biashara yenu nzima. Mnunuzi wa huko anakuja na mtu wa kumkagulia, na swali la kibali halikosi.

Msibomoe ukuta mzima. Hamna pesa hiyo na hakuna haja. Gongeni, mtie alama ya chaki penye utupu, mng'oe hapo tu, kwa patasi na mkono mwepesi. Safisheni vumbi, nyunyizeni maji mpaka jiwe lisiwe na kiu. Mchanganyiko ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, mchanga wa bara ulio safi, si wa ufukweni. Pigeni tabaka la unene wa sentimita moja, liachwe siku kadhaa lishike, ndipo lifuatie la pili. Chokaa haikauki kama saruji, inashika taratibu kwa hewa, na adui yake ni jua kali siku za mwanzo: ikikauka upesi inapasuka na kugeuka unga. Tundikeni magunia yaliyoloweshwa mbele ya kazi na muyanyunyizie asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Wakati wa kaskazi upepo ni mkavu, msiache hata siku moja.

Chokaa iliyolowekwa muda mrefu kwenye pipa, ikawa laini kama siagi, inashika vizuri kuliko iliyokorogwa asubuhi ile ile. Mkinunua ile ambayo haijazimwa, anayeitia maji awe mtu mzoefu, si kijana wa kibarua wa siku moja. Inachemka na kurusha matone, na jicho likiingiwa limeharibika. Miwani na glavu ni lazima.

Kupaka chokaa ndiyo kazi rahisi ya kuupa uso uhai. Ikorogwe nyepesi kama maziwa, ichujwe kwa kitambaa, ukuta uloweshwe kidogo, ipakwe kwa brashi pana. Ikiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu, inang'aa ikikauka. Tabaka 4 nyembamba, moja kwa siku. Tabaka nene moja huchanika na kupukutika. Wapo wanaotia chumvi kwenye chokaa ili ishike. Kwa kuta zilizokwisha kula chumvi ya bahari, msitie.

Sasa boriti. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kongwe la hapo hapo Mji Mkongwe, iporomoke tarehe 25 Disemba 2020, anayetafuta nyumba Mji Mkongwe hana budi kutazama juu. Akikuta dari mpya ya jipsamu katika nyumba kongwe atauliza imeficha nini, na atakuwa na haki. Isitoshe dari hiyo inazuia hewa, na boriti ya mkoko inaoza upesi penye unyevu usiopata upepo. Zichunguzeni kwa bisibisi. Mahali pa kuchoma ni ncha zake, pale zinapoingia ukutani, kwa sababu maji ya paa huteremka humo humo. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita moja boriti imekufa hapo. Matundu madogo yenye unga mkavu chini yake ni ya fukusi. Njia ya udongo iliyopanda ukutani ni mchwa. Iliyooza ibadilishwe, hata kama ni mbili tu ndizo mnazoziweza, na nyingine zisafishwe kwa brashi kavu. Boriti nzima, safi, chini ya zege la chokaa lililopakwa jeupe, ndicho anachokitafuta mtu anayenunua nyumba ya mawe. Msimfichie.

Mlango wa nakshi, kama upo, usipigwe vanishi nzito inayong'aa. Uosheni vumbi kwa brashi ya meno na maji kidogo, ukauke siku mbili, upakwe mafuta ya kitani kwa kitambaa, mafuta yanayobaki juu yafutwe baada ya robo saa. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandazwe nje vikauke, visifungwe kwenye mfuko, vinaweza kushika moto vyenyewe. Njumu za shaba zisugueni kwa ukwaju, kisha mfute kwa kitambaa chenye maji mara moja, ukali wake usiteremke kwenye mbao.

Na mirathi je? Mmeandika "ndugu zangu". Kama hamjapata uthibitisho wa warithi na kila mmoja kuridhia kwa maandishi, wakiwemo dada zenu walioolewa mbali, pesa ya chokaa isubiri. Nyumba haiuziki kwa idhini ya nusu ya wenyewe.

BATI LINAVUJA, MASIKA YANAKUJA

Niko Wete. Nyumba ya bati, kuna madoa ya rangi ya chai darini vyumba viwili. Nimepaka rangi ya maji mara mbili na madoa yanarudi. Bati lina kutu upande mmoja. Nibadilishe bati zote kabla sijaweka kibao cha kuuza?
B., Wete

Hapana, si zote. Na doa linarudi kwa sababu lenyewe linayeyuka kwa maji. Rangi ya maji inalivuta juu kila unapopaka. Zuia kwanza kuvuja, acha dari ikauke, paka doa tabaka moja la rangi ya mafuta ya chini, ile ya kufungia, ipitiwe na siku nzima, ndipo rangi ya maji. Kama ubao wa dari umeshuka au ukiubonyeza ni laini, rangi haitausaidia: badilisha ubao huo mmoja wa futi 4 kwa 8.

Kutafuta tundu ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko juu na mpira wa maji au ndoo, mwingine yuko darini na tochi. Anza chini ya paa, mimina sehemu moja kwa dakika 5 mpaka 10, panda kidogo kidogo. Ukianza juu, maji yatateremka na hutajua yaliingilia wapi. Na usidhani tundu liko juu ya doa. Maji hutembea juu ya papi na kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, yanaweza kudondoka mita mbili mbali na pale yalipoingia. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari tu, ndipo penye papi chini.

Mara nyingi kosa liko kwenye misumari. Iliyolegea usiigongomee tena, tundu lake limeshapanuka. Ing'oe, utie skrubu ya bati nene kuliko msumari ule, yenye mpira wake, kwenye mgongo wa bati. Msumari uliopigwa bondeni, maji yanapopita, ung'olewe na tundu lizibwe. Tundu dogo: sugua kutu kwa brashi ya waya, paka lami ya paa, laza kipande cha kitambaa kinachozidi tundu kwa sentimita 10 kila upande, paka tena juu yake.

Bati lenye kutu ya juu juu linasuguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya paa. Lililotoboka kama chujio libadilishwe, na hapo huenda ukahitaji bati 3 au 4 za upande unaopigwa na upepo wa bahari. Lipishano la juu na chini liwe sentimita 20 angalau. Usipake rangi bati mpya zinazong'aa ili zifanane na za zamani. Rangi ya kawaida haizishiki, itabanduka kabla ya Idi.

Safisha na mlizamu. Majani ya mwembe yakiziba mlizamu, maji hurudi nyuma chini ya bati na utahangaika na matundu ambayo hayapo.

RANGI GANI, NA NYINGI KIASI GANI

Nyumba ndogo Tomondo, vyumba viwili na ukumbi. Ninunue ndoo ngapi za rangi? Na rangi ipi inauza?

Chumba cha mita 3 kwa 3.5, urefu wa ukuta mita 2.7, kina kuta za mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha moja, zinabaki 32. Mara mbili ni 64. Lita moja ya rangi ya maji nzuri hupaka kama mita za mraba 10, kwa hiyo chumba ni lita 6 na nusu. Ndoo moja ya lita 20 inatosha vyumba vyote viwili na karibu chumba kingine cha kadiri hiyo. Plasta ambayo haijawahi kupakwa hunywa zaidi. Ipakwe kwanza mara moja rangi iliyozimuliwa kwa maji. Usiizimue tena mara ya mwisho, hata fundi akikuapia. Inatoka mabakamabaka.

Nyeupe iliyopozwa kidogo, ya rangi ya mchele au mchanga, kuta zote, vyumba vyote. Unanunua ndoo za namna moja na mabaki ya chumba kimoja yanakwenda chumba cha pili. Kuta za jiko zenye masizi zioshwe kwa sabuni na maji moto mpaka kitambaa kitoke kisafi, kwani rangi haishiki mafuta. Penye ukungu mweusi tumia jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 10, iache dakika 15, suuza. Usiichanganye na dawa yoyote ya choo. Moshi wake unaua.

TUNAISHI HUMO HUMO

Nyumba yetu iko Chake Chake. Ndani tuko saba, pamoja na mama mkwe na watoto wadogo. Dalali analeta watu bila ya taarifa, wengine saa za chakula, na sisi wanawake hatujajisitiri. Tena anasema picha tulizompa ni mbaya, nyumba inaonekana kama ghala. Hatuna uwezo wa kununua samani mpya.
Bi Harusi wa zamani, Chake

Pole sana, bibie. Hili la dalali limalizeni leo. Aje kwa taarifa ya siku moja, siku mbili tu kwa wiki, baina ya Alasiri na Magharibi, na si Ijumaa mchana. Mwanamme wa nyumba au kaka awepo, na mnunuzi akitaka kuona vyumba vya ndani aje na mkewe au dada yake. Mnunuzi wa kweli hatachukia. Mwenye nyumba anayejiheshimu anaaminika zaidi. Saa hizo pia zina faida nyingine: jua limeshuka, mwanga unaingia kwa ubavu na chumba hakina joto la mchana.

Samani mpya hamzihitaji, mnahitaji kuondoa. Kila chumba kitoke nusu ya vilivyomo. Makochi mawili ukumbini badala ya matano, na njia ya sentimita 80 kutoka mlangoni mpaka chumba cha pili bila ya mtu kujipinda. Masanduku, magodoro ya wageni, mashine ya kushonea isiyotumika, vyote viende kwa jamaa kwa miezi miwili. Msivirundike chumba kimoja na kukifunga. Chumba kilichofungwa ndicho mnunuzi atakachokiulizia. Kabati lisizibe dirisha. Chumba cha mama mkwe msimsumbue, kipangeni yeye akiwepo na kwa ridhaa yake, kiwe safi tu.

Mkeka mzuri wa ukili sakafuni unashinda zulia lililofifia. Mapazia mazito yaoshwe au yatolewe, mtundike vitambaa vyepesi vyeupe. Madirisha ni mwanga, na mwanga ni wa bure. Nyavu za mbu zitolewe zioshwe kwa sabuni, zikijaa vumbi hufanya chumba kiwe giza na hewa isipite. Balbu za ukumbi mmoja ziwe za rangi moja. TUKUZA, yaani umeme wa kulipia kabla, isiwe imeishiwa siku ya mgeni, na tangi liwe na maji, kwa sababu atafungua mfereji.

Udi ufukizwe jana yake, si wakati mgeni anabisha hodi. Moshi mzito wa udi unamfanya mtu ajiulize harufu gani inafichwa. Asmini kwenye kikombe cha maji zinatosha.

Picha: futeni kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa, hilo peke yake litabadilisha nusu ya mambo. Simu ilazwe ubavu ili picha iwe pana, ishikwe usawa wa kifua, mpigaji asimame pembeni mwa chumba mgongo ukiwa kwenye kona, mwanga wa dirisha uwe ubavuni mwake. Taa ziwashwe. Picha moja kila chumba, mbili za ukumbi, moja ya uwani, moja ya njia inayofika nyumbani. Nguo zitolewe kambani, kifuniko cha choo kishushwe. Picha za harusi na za watoto ukutani ziondolewe kabla ya kupiga, kwa sitara yenu, maana picha hizo zitazunguka kwenye simu za watu msiowajua.

HARUFU YA CHOO

Nyumba imekaa tupu miezi mitatu Kiembe Samaki. Nikifungua mlango nakutana na harufu ya karo la majitaka, na karo halijajaa. Kuna mnunuzi anakuja Jumamosi.

Maji ya kwenye kizingo cha bomba yamekauka. Chini ya kila tundu la sakafu, sinki na choo kuna mkunjo unaobakisha maji kama sentimita 5, ndiyo yanayozuia hewa ya karo. Nyumba ikikaa bila ya mtu, maji hayo yanakwenda na hewa inapanda. Mimina lita moja kwenye kila tundu, vuta maji ya choo mara mbili, fungua madirisha siku nzima. Juu ya maji ya tundu la sakafu tia kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, yatachelewesha kukauka.

Harufu ikirudi siku ya pili, tazama bomba la kupumulia la karo: limevunjika, limezibwa na kiota, au limeishia chini ya dirisha la chumba. Lipandishwe lipite paa, litiwe wavu wa mbu juu. Mfuniko wa karo wenye ufa uzibwe kingo zake kwa saruji nyepesi ambayo gari la majitaka litaweza kuifungua.

Na kabla ya Jumamosi weka pamoja kwenye bahasha moja hati ya matumizi ya ardhi au mkataba ulionunulia, ramani, kibali cha ujenzi, risiti za mwisho za ZAWA, yaani mamlaka ya maji, na namba ya mita ya umeme. Ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali na unachokiuza ni haki ya kuitumia pamoja na jengo, kwa hiyo uhaulishaji unapitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Mpitie na sheha wako mapema, umweleze kwamba unauza, ili mnunuzi akienda kuuliza asikute ni habari mpya. Funguo zote zijaribiwe, na kitasa kinachokwama kitiwe mafuta.